Shemeji Aliponiahidi Figo

Mimi ndiye yule mtu wa mtaa wa Pipeline aliyeagwa akiwa hai, na kama bado unacheka, cheka umalize, maana hata leo muuza mayai akiniona ananiuliza, "Marehemu, nikupe moja ama mbili?"

Chanzo ni tembe ndogo nyeupe. Tezi yangu ya shingoni, ile wanaiita thairoidi, ililala zamani, na daktari wa wakati huo aliniambia nimeze tembe hiyo kila asubuhi mpaka nizeeke. Nikameza, nikapata nguvu, halafu siku moja nikajiuliza mtu asiyeumwa popote anameza dawa ya nini (hilo ndilo swali la pekee la kisomi nimewahi kuuliza tangu niache shule), nikaacha.

Baada ya miezi uso ulifura kama mandazi, misuli ikauma, nikawa nachomelea mageti kwa kibanda changu nikiwa nimevaa koti zito na jua linawaka. Mke wangu Nyambura akanipeleka maabara iliyo chini ya ploti yetu, lile jengo la ghorofa tunalopanga. Jamaa wa pale, Dan, akaniuliza, "Mzee, kuna dawa unatumia?" Nikamjibu hakuna. Sikudanganya, si nilikuwa nimeacha? Akapima damu, akarudi akasema krietinini, ile taka ambayo figo hutoa mwilini, imepanda sana. "Figo zimechoka hizi. Enda hospitali kubwa." Kosa la Dan ni kwamba alisema kwa sauti na mlango uko wazi.

Kabla nipate siku ya kumwona daktari, Karanja, ndugu ya Nyambura, alikuwa ameshaunda kamati ya ugonjwa wangu. (Huyu ni mwenyekiti wa kila kitu, hata maji yakipotea kwa mfereji anaunda kamati.) Jumapili watu wakajaa juu ya paa la ploti, kamba za nguo zikasukumwa kando, viti vya kukodi, fulana zenye uso wangu, na ni ule uliofura. Wakaniketisha mbele na blanketi. Karanja akashika maikrofoni, akalia, akasema, "Huyu amemtunza dada yangu. Mimi nampa figo yangu moja, achague mwenyewe ya kushoto ama ya kulia."

Paa lote likalia. Na mimi, kwa ile baridi na ule uchovu, nikajua naenda. Sasa, kwetu mgonjwa akitoa neno lake la mwisho mbele ya watu, limeisha, halirudishwi. Nikaomba maikrofoni. Nikasema mtu anayenipa kipande cha mwili wake siwezi kumwacha mikono mitupu, kwa hivyo mashine yangu ya kuchomelea na kibanda ni vya Karanja kuanzia leo. Nyambura akanivuta blanketi. "Baba Njeri, si ungoje kwanza." Nikamwambia anayekufa hangoji.

Karanja pia hakungoja. Jioni hiyo alibadilisha kufuli.

Huko hospitali kubwa daktari, msichana wa umri wa binti yangu, aliniangalia uso, akanishika shingo. "Baba, ulishawahi kutibiwa tezi?"

"Zamani."

"Na dawa?"

"Niliacha."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza polepole kwamba tezi ikilala, moyo unasukuma damu kwa uvivu, figo zinachuja pole pole, na misuli nayo inamwaga taka zake, basi kipimo kinaweza kupanda hata kama figo zenyewe hazijaharibika. "Rudia tembe, halafu tupime tena. Kama ni figo kweli, tutajua." Nikameza wiki baada ya wiki, uso ukashuka, koti nikavua, na tulipopima tena krietinini ilikuwa imerudi mahali pake. Figo zangu nzima, zote mbili.

Nilifurahi mpaka nikafika kwa kibanda.

"Shemeji, nimepona. Nimekujia mashine."

"Tumshukuru Mungu," Karanja akasema, na hakuinuka kwa kiti changu. "Lakini ulitoa mbele ya watu."

"Nilitoa kwa sababu ya figo."

"Na figo nilikupa. Iko hapa, ukitaka njoo uchukue. Si makosa yangu kama zako zimekataa kufa."

Nikashtaki kwa kamati (na mwenyekiti ni nani?). Wakapanda juu ya paa tena, wengine bado wamevaa ile fulana, mama mmoja akalalamika kwamba nimewaliza bure, na wakaamua neno langu lisimame, ila kwa huruma Karanja aniajiri, maana yeye hajui hata kuwasha ile mashine. Kwa hivyo sasa nachomelea mageti kwa kibanda nilichojenga mwenyewe, namwita bosi, na wateja wakijaa ananiuliza, "Baba Njeri, figo zinaendeleaje?"

Tembe nameza kila asubuhi kabla ya chai. Daktari yeyote akiniuliza kuhusu dawa, nitamtajia mpaka nilizotema nikiwa mtoto. Na kugawa vitu nimekoma, hata kijiko sitoi nikiwa na pumzi. Siku nikifa wajigawie wenyewe, wapigane huko juu ya paa, mimi sitakuwepo.