Mwalimu Scholastika Hakai Chini

Katika chumba cha walimu cha shule yetu kuna kiti kimoja ambacho bado kinang'aa kama kilivyotoka kwa fundi. Ni cha Mwalimu Scholastika. Nimefundisha naye miaka mingi, mimi hesabu na yeye darasa la tatu, na sikumbuki kumwona amekikalia. Madaftari huyasahihisha amesimama dirishani. Chai huinywa akitembea, na nusu yake huiacha kwenye tofali au juu ya tangi la maji, popote alipoitwa na jambo jingine. Wapishi wakikosa kikombe hawaulizi, wanafuata njia aliyopita.

Shule yetu ni ya masista, mwendo wa bodaboda kutoka Ilongero. Watoto wengi wanatoka kwenye familia za wakulima wa uwele na alizeti, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, wote wamo. Kila mwaka Mwalimu Scholastika aliwafundisha igizo la Noeli, likachezwa siku ya kufunga shule mwanzoni mwa Desemba, wazazi walipokuja kuchukua ripoti. Walitazama, wakacheka Yosefu akivutana na punda, wakarudi nyumbani kungoja mvua. Yeye alilipenda igizo lile kuliko kazi nyingine yoyote. Mtoto anayeshika mkia mwaka mzima, siku hiyo ni mfalme kutoka mashariki, na baba yake anamwona.

Mwaka jana tukaletewa mwalimu mkuu mpya, Sista Anastasia. Ni mtu wa haki, ana sauti ndogo, ila neno lake likishatoka halirudi. Alipowakuta watoto wanaimba nyimbo za Noeli mwezi wa Novemba, akamwita Scholastika barazani.

"Mwalimu, tunaingia Majilio. Majilio ni kungoja. Mtoto hazaliwi kabla ya siku zake. Igizo litachezwa Noeli yenyewe, kanisani, baada ya Misa."

"Sista, Noeli watoto wako mashambani."

"Noeli Wakristo wako kanisani."

"Siku hiyo watakuja, sikatai. Lakini mazoezi watafanya lini? Mvua ikishanyesha huku hakuna mtoto."

"Tutaona mwaka huu," Sista akasema. "Likishindikana, mwakani tutaliacha. Kwaya ya wakubwa itaimba, inatosha."

Hakusema kwa ubaya. Anatoka Bukoba, kwenye migomba, ambako mvua haimkimbizi mtu. Sisi huku tuna msimu mmoja. Mvua ya kwanza ikipita na mbegu yako bado iko kwenye debe, mwaka wako umekwisha, utakula kwa macho. Hilo Sista alikuwa hajaliona bado, na Mwalimu Scholastika hakuwa na subira ya kumweleza. Alikwishaondoka, kikombe chake kimebaki kwenye ngazi.

Mvua ikanyesha wiki ileile tuliyofunga shule. Siku ya mazoezi ya kwanza alikuja Happiness peke yake, yule aliyekuwa malaika, mjukuu wa Mzee Antipasi, mwenyekiti wa kigango chetu cha kanisa. Na hata yeye alikuja kuaga tu. Babu yake alikuwa anamngoja adondoshe mbegu nyuma ya plau.

"Babu analima wapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Kule bondeni."

"Twende."

Ndivyo ilivyoanza. Alifika shambani kwa Mzee Antipasi, akamsalimu shikamoo, akavua viatu. Akachukua bakuli la mbegu kutoka mkononi mwa mtoto, akaingia kwenye mtaro nyuma ya plau. "Mzee, nitakupandia mimi. Huyu niachie aseme maneno yake." Basi maksai wakavuta, mzee akashika mashikio, Mwalimu akadondosha mtama, na Happiness akatembea pembeni akitangaza habari njema kwa wachungaji wasiokuwepo.

Kesho yake alikuwa kwa akina Filipo, aliyekuwa Yosefu. Keshokutwa ng'ambo ya korongo, kwa wafalme. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilitaka kabla hata ya maji ya kunywa. Nilimwona akipita asubuhi nje ya nyumba yangu, sketi imekunjwa, matope mpaka magotini, midomo inatembea. Nilichoka kwa kumtazama tu.

Na shamba lake je? Hapo ndipo watu walipoanza kuumwa vichwa. Mumewe, Leonard, anaendesha lori la vitunguu, akiwa nyumbani ni kama mgeni. Mama mkwe wake, Bibi Elizabeti, magoti yamekataa. Kila jioni mama huyo alikuwa anauliza, na mimi jirani nasikia.

"Scholastika, maksai wa Omari tutawapata lini?"

"Kesho, Mama."

"Jana ulisema kesho."

"Kesho kweli, Mama."

Mzee Omari Ntandu ndiye mwenye maksai wazuri kuliko wote kijijini, na ndiye anayetuazima punda wa igizo kila mwaka, Mwislamu anayeijua hadithi ya Bethlehemu kuliko baadhi ya wanakwaya wetu. Maksai wake huenda kwa zamu, na zamu ya Mwalimu ilipita yeye yuko kwa watu akifundisha wachungaji kushangaa.

Sasa, kwetu aliyekusaidia shambani haondoki mikono mitupu. Hata kama ni jirani, hata kama ni mwalimu. Akina Filipo walimpa boga na karanga. Ng'ambo ya korongo walimpa mtama. Mzee Antipasi, kwa kuwa alisaidiwa zaidi ya mara moja, alimpa jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kelele. Mwalimu Scholastika alivipokea vyote kwa haraka bila kufikiri. Alidhani ni michango ya sherehe ya watoto, maana kila mwaka baada ya igizo huwa wanakula pamoja. Akawa anapitia kwa masista, anavikabidhi stoo, anakimbilia kwingine.

Wenyewe walikuwa wanafikiri jambo jingine kabisa. Nililisikia kwenye mashine ya kusaga, akina mama wakinong'ona huku unga unawaingia kwenye nyusi. Mwalimu anafanya kibarua. Mwalimu wa masista, mwenye cheti, anadondosha mbegu za watu apate boga. Mume hatumi kitu. Kwao wana njaa, ndiyo maana hata shamba hawajaligusa, hawana mbegu. Hizo nyimbo ni kisingizio tu, anaona aibu kuomba. Nani angemcheka mtu anayejificha hivyo? Mwongezeeni.

Nilitaka kumwambia. Nilimkamata njiani, nikaanza, "Mwalimu, watu wanasema," akanikabidhi kikombe chake cha chai, akasema, "Waache waseme, Benjamin, mfalme wa tatu hajui mstari hata mmoja," akaondoka. Nikabaki na chai ya baridi mkononi.

Mazoezi ya mwisho yalipangwa asubuhi ya mkesha wa Noeli, kanisani, wote kwa pamoja, Sista akiwepo. Ndiyo siku ya kuamua. Mwalimu alifika mapema, akafagia mahali palipokwishafagiwa, akalisogeza hori la ng'ombe kushoto, akalirudisha kulia. Mimi kazi yangu ni kumshika punda. Sista aliketi benchi la mbele na rozari yake.

Jua likapanda. Hakuna mtoto. Mwalimu akaenda mpaka getini, akarudi. Akaenda tena. Hata punda hakuja.

Sista akamaliza rozari, akaiweka mfukoni. "Mwalimu," akasema kwa upole, "tumejaribu."

Upole ule ulimuumiza kuliko kama angegombezwa. Alichukua kanga yake akatoka, nami nikamfuata kwa sababu sikupenda aende peke yake. Njiani alilia waziwazi, akitembea kasi, hakujifuta.

"Nimewapandia, Benjamin. Nimewapandia mpaka kucha zimekatika. Asubuhi moja tu niliomba. Moja."

Nilikuwa na hasira nao, na nilikuwa na hasira na Bukoba na migomba yake yote.

Tulipokaribia kwake tukasikia mlio wa mluzi wa kuswagia ng'ombe. Tukatoka kwenye vichaka vya mipaka. Shamba lake lilikuwa limejaa watu. Maksai wa Mzee Omari walikuwa upande mmoja, wa Mzee Antipasi upande mwingine, udongo umepinduliwa mpaka karibu na nyumba. Punda alikuwa amebeba madumu ya maji. Na watoto wote, malaika, wachungaji, wafalme, walikuwa nyuma ya plau na mabakuli ya mbegu, wakidondosha. Bibi Elizabeti alikaa mlangoni akigawa togwa.

Mzee Antipasi alisimamisha maksai, akaja akijipangusa jasho. "Mwalimu, tusamehe, tumewachukua watoto bila kukuuliza. Umelima kwa watu ukaacha kwako. Tumeona haya. Mvua hii ingepita ungekula nini? Mbegu tumechanga, na mke wangu amekuletea uwele kidogo, wa kuanzia. Usituone vibaya. Njaa si kosa la mtu."

Nilimwona Scholastika akielewa. Alielewa boga, alielewa karanga, alielewa jogoo. Damu ilimpanda usoni. Yeye mwenye mshahara, mwenye mume mwenye kazi, alikuwa ombaomba wa kijiji kizima kwa karibu mwezi, na wote walijua isipokuwa yeye. Akafungua kinywa. Nyuma ya Antipasi, Bibi Elizabeti alitikisa kichwa mara moja tu, taratibu.

"Asanteni," Mwalimu akasema.

"Na maneno wanayajua," mzee akaongeza. "Tangu alfajiri hatujapumzika kuyasikia. Wasikilize mwenyewe."

Akawasikiliza. Mfalme wa tatu alikuwa anajua mstari wake.

Siku ya Noeli kanisa lilifurika mpaka nje. Misa ikaisha, igizo likaanza, nami nikaingia na punda. Ndipo nikaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Watoto wale walikuwa wamejifunza kila neno wakitembea kwenye mtaro, na sasa wakisimama mahali pamoja maneno hayaji. Happiness alipanda altareni na mabawa yake ya kitambaa cheupe, akanyamaza, macho yamemtoka. Halafu mtoto akashuka, akaanza kutembea katikati ya kanisa polepole, hatua kwa hatua, na sauti ikafunguka. Na kila hatua mkono wake wa kulia ulikuwa unadondosha mbegu ambazo hazipo.

Wachungaji wakamfuata kwa mstari, nao wanadondosha. Wafalme vilevile. Yosefu alimpigia punda mluzi wa maksai. Kanisa zima lilikuwa limetoka kupanda mwezi huohuo, mikono yao bado inauma, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Walicheka kwanza. Kisha wazee kadhaa wakaacha kucheka, wakawa wanatazama tu. Nikamtazama Sista Anastasia. Alikuwa anaitazama mikono ya watoto, na mkono wake mwenyewe juu ya goti ulikuwa unafumba na kufumbua.

"Mwakani," alimwambia Scholastika walipopishana mlangoni mwa sakristia, "uniambie mazoezi ni shamba gani. Nitakuja."

Ingeishia hapo ningesema ni Noeli njema. Lakini wakati wa matangazo, watu wakiwa bado hawajatoka, Mzee Antipasi alisimama na kofia mkononi.

"Ndugu zangu, asubuhi hii nimepita jikoni kwa masista. Nimemkuta jogoo wangu mwekundu. Nyote mnamjua kwa kelele zake. Nilimpa Mwalimu Scholastika, kwa sababu ya hali yake mnayoijua. Nikauliza, amefikaje huku? Mpishi akaniambia, Mwalimu kaleta. Na boga kaleta. Na mtama kaleta wote. Mtu ana njaa, na anachopewa analetea watoto wetu." Akaizungusha kofia mkononi. "Mimi nimekuwa mwenyekiti wa kigango muda mrefu. Sijawahi kuona."

Vigelegele vikalipuka. Wanawake walisimama. Mzee Omari, aliyekuwa mlangoni akimngoja punda wake, alipiga makofi kuliko Wakatoliki wote.

Mwalimu Scholastika alikuwa amesimama ukutani, mahali pake pa siku zote. Alianza kwenda mbele. Nilijua anachokwenda kusema, kwamba hana njaa, hakuwahi kuwa nayo, kwamba yote ni makosa. Alipopita benchi la Bibi Elizabeti, mkono mkavu wa yule mama ukatoka ukashika sketi yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwaambia ukweli, Mama."

"Shamba limepandwa. Igizo limekwisha. Jogoo yuko kwenye sufuria." Bibi akasogea kidogo kumpa nafasi, bila kuiachia sketi. "Kaa."

Scholastika alimtazama, akatazama mbele, akatazama mlango. Kisha akakaa.