Mwaka wa 1638 na Kopo la Samli

Mimi nina hamaki, na sikufichi. Nilizaliwa nayo Unguja, nikaja nayo Ibra, Omani, na mwaka mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya tisini nusura initoe darasani.

Nilikuwa nikisomesha fizikia skuli ya wasichana. Kusoma nilisoma, shahada ninayo, lakini Kiarabu changu kilikuwa cha kuungaunga, nusu cha vitabuni, nusu cha jikoni kwa mama. Wazee wawili watatu wa wanafunzi wakalalamika. Mudira, mkuu wetu wa skuli, akaniita akanambia bila ya kupindapinda: "Mwisho wa mwezi mkaguzi anakuja kutoka Maskati. Akikuridhia, utabaki darasani. Asipokuridhia, utahamishiwa stoo ya vitabu." Stoo, mimi! Nilitoka ofisini mwake meno nimeyauma.

Nikaazimia mkaguzi akija akute kazi. Kila darasa lilikuwa limegaiwa mwaka mmoja wa zamani, lionyeshe sayansi ya wakati ule. Sisi ulituangukia 1638, mwaka ambao mzee mmoja wa Kitaliana, kipofu, tena kafungiwa nyumbani kwake, alichapishiwa kitabu chake juu ya vitu vinavyokwenda na vinavyoanguka. Niliwahadithia wasichana kuwa wakubwa walisema hivi, naye akasema hapana, tupimeni kwanza. Nilimsifu kama babu yangu mzaa mama.

Mzee yule hakuwa na saa ya kupimia muda mdogo. Alitia mfereji kwenye ubao, akauinamisha, akaachia kigololi kibingirike, na papo hapo akafungua maji yatoke kwenye chombo kikubwa kwa kitundu chembamba. Gololi ikifika chini, anaziba, kisha anayapima yale maji kwa mizani. Maji mengi, muda mrefu. Maji machache, muda mfupi. Basi na mimi nikapiga marufuku saa darasani. Seremala wa sokoni akatuchongea ubao, tukaupiga msasa mpaka ukateleza. Chombo nikakileta mwenyewe, kopo la samli nililolitoboa chini kwa msumari. Chombo kikubwa cha nini, nikasema, maji ni maji.

Tukaachia gololi mara kumi, masafa yaleyale, kila mara tukikinga maji ya kopo kwenye kikombe chake. Ilitakiwa maji yawe yaleyale. Kikombe cha mwanzo kikaja kizito, cha tano chepesi, cha kumi chepesi zaidi. Kesho yake tukajaza kopo, tukaanza upya, na mambo yakawa vilevile. Ikabaki wiki moja. Hamaki ikanipanda, nikawaambia wanacheza, wanaziba kwa pupa, wanataka kunifedhehesha mbele ya mkaguzi.

Akanyanyuka msichana mmoja wa nyuma, mkimya, mwenyeji wa Ibra khasa. Watu wao wana mitende na zamu ya maji ya falaj, ule mfereji unaoleta maji mashambani kutoka chini ya mlima. "Abla," akasema, maana ndivyo walivyokuwa wakituita walimu wa kike, "hatuchezi. Maji yanachoka."

"Maji hayachoki. Kaa kitako."

Akakaa, uso umemwiva.

Nyumbani nikamhadithia mama huku tunachambua mchele. Akaniuliza, "Ulimuuliza kwa nini kasema vile?"

"Sikumuuliza."

"Sasa umemgombeza kwa lipi, mwanangu?"

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi, kabla sijaandika chochote ubaoni, nikamwita yule msichana nikamwomba anieleze.

Akaeleza. Wakati wa joto falaj yao hupungua nguvu, kwa hivyo maji hukusanywa kwanza kwenye birka, kisha hufunguliwa. Mwenye zamu ya mwanzo anakuta birka imejaa, maji yanatoka kwa kishindo. Wa mwisho anapewa muda uleule, lakini maji yanajikokota. Ndiyo watu wakabadilishana: aliyetangulia safari hii, safari ijayo anakuwa wa mwisho, asidhulumiwe mtu. "Hata mdogo wangu anayajua haya, abla."

Na mimi mwenye shahada sikuyajua! Nimekulia mjini, maji ya bomba, sijapata hata siku moja kungojea zamu ya birka. Kopo langu dogo likipungua maji, msukumo nao unapungua, na yule mzee alichagua chombo kikubwa kwa sababu hiyo. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikasimama mbele ya darasa zima nikamwambia, "Jana nimekukosea. Haki ilikuwa kwako, kwangu kulikuwa na makelele tu. Nisamehe." Mwalimu kumtaka radhi mwanafunzi haikuwa ada pale skuli, na wenzake walibaki wakiangaliana.

Tukapanga upya. Msichana mmoja akashika jagi, kazi yake kutia maji koponi bila ya kusita, kopo lifurike muda wote. Vikombe kumi vikaja takriban sawasawa. Tukaikata njia ya gololi, tukabakisha robo yake, na maji yakawa nusu, kama alivyosema mzee. Nililia, na sikuona haya.

Siku ya mkaguzi, mudira akaninong'oneza, "Eleza wewe, akusikie." Nikasema maneno mawili ya kumkaribisha, kisha nikamwachia yule msichana. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, akaangalia kila kitu, akapima vikombe kwa mkono wake. Mwisho akauliza, "Nani aliyegundua kuwa kopo lazima lifurike?"

Mudira akanitazama. Neno moja tu na ningesalimika.

"Yeye," nikasema. "Mimi nilimwambia akae kitako."

Mkaguzi akamgeukia msichana. "Hukuogopa kumpinga mwalimu wako?"

"Niliogopa. Lakini alinitaka radhi mbele ya watu wote. Tangu siku ile, nikiona kosa nasema."

Kifua kilinijaa fakhari hata nikaisahau stoo. Mkaguzi akaandika, akaandika, kisha akafunga kalamu yake na kumwambia mudira, bila ya kushusha sauti:

"Kiarabu atajifunza. Stoo itafutieni mtu mwingine."