Vikao Tisa vya Marehemu Kaka

Mimi ni mtu wa ndani. Kivuko cha Likoni nakisikia honi tu. Kukipanda mpaka nifiwe au niumwe jino. Kwa hiyo wakfu mmoja wa utafiti wa ugonjwa wa sukari ulipoanza kufanya vikao kwenye ukumbi ulio nyuma ya nyumba yangu, nilijiona nimepata kazi ya ofisi bila kuvaa viatu. Nina kidato cha nne na mwandiko mzuri. Bibie wa ofisi, msichana mpole wa kumwita kila mtu "mamangu", akanikabidhi karatasi ya mahudhurio: jina, sahihi, nauli. Kila mgonjwa aliyefika alipewa nauli na dawa ya mwezi mzima bure, vyote kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo.

Nauli ilikuwa kitu kidogo. Dawa ndiyo ilikuwa kubwa. Kaka yangu na mkewe, wifi yangu, wote walikuwa na sukari, na insulini ya dukani hawakuiweza.

Sasa, huku kwetu ukishika orodha ya mchango wa harusi au matanga, asiyekuja humwachi nje. Unamwandika, "yuko njiani huyo," asije akaaibika orodha ikisomwa. Karatasi ya ofisi nami niliiona ni orodha kama zile. Jirani kaenda Kiembeni kwa mwanawe? Nikamwandika. Mzee amelala? Nikamwandika. Na sahihi nikawatilia, kila mtu na yake. Ya muuza samaki niliipa mkia mrefu, nikaitazama kwa majivuno. Bibie akaitazama pia, akacheka. "Mamangu, mkono wako huu ni hatari." Nauli za wasiokuja akazitia kwenye bahasha, akasema atawafikishia. Sikuuliza.

Kisha kaka akafariki. Kikao kilichofuata nilipofika kwenye jina lake kalamu ikasita. Nimfute kwa mkono wangu mwenyewe? Nikamwandika. Bibie alikuja matangani, pilau yetu alikula, alijua. Akaipokea karatasi, na nauli ya kaka akaitia kwenye bahasha. Mwezi uliofuata hakunisubiri nisite: karatasi ilikuja na jina la kaka limeshapigwa chapa, linangoja sahihi tu.

Hapo ningeshtuka, lau ningekuwa mtu wa kushtuka.

Asubuhi moja, mwezi wa tisa tangu matanga, bibie akapiga simu, na hakuniita mamangu.

"Wafadhili wametuma mkaguzi wa hesabu. Atapita nyumba kwa nyumba na karatasi zako." Zako, alisema. "Ukiulizwa, watu wote walikuja. Ukisema vingine mradi unafungwa, na dawa ya wifi yako wajua inatoka wapi."

Nikaenda kwa wifi, nikamweleza yote. Alikuwa akichambua mchicha.

"Kwa hiyo ulimtilia sahihi mume wangu?"

"Nilimtilia."

"Ilifanana?"

"Kila mwezi ilifanana."

"Basi ndipo watakapokukamata. Mwenyewe yake haikufanana hata mara mbili."

Tukacheka. Kisha ule mchicha ukachambuliwa jani moja moja mpaka ukaisha.

Mkaguzi alikuja baada ya siku mbili, wifi yuko kwangu. Mtu mzima, akavua viatu mlangoni, akanywa chai, akasifu mahamri. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na wallahi hilo ndilo lililonitia baridi. Akazitandika karatasi mkekani moja baada ya moja. Tisa.

"Huyu bwana ana bidii," akasema, kidole juu ya jina la kaka. "Hajakosa hata kikao kimoja. Ningependa kumsalimu."

Nilikuwa na uongo wangu tayari, nimeupiga pasi tangu juzi: kaka yuko safarini Lunga Lunga. Nikafungua kinywa. Wifi akanitangulia.

"Yuko makaburini, baba. Ukitaka kumsalimu, wifi yangu huyu atakupeleka, ingawa kumtoa nyumbani ni kazi."

Mkaguzi hakucheka. Akauliza kaka alifariki lini, wifi akamtajia. Akatoa kalamu nyekundu, akatia alama karatasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa.

"Na nauli yake aliipokea nani?"

"Ilitiwa kwenye bahasha ya ofisi," nikasema, na nikaendelea kusema, yote, pamoja na mkia wa muuza samaki. Akaandika bila kuinua uso.

"Na dawa zake?"

Tukatazamana mimi na wifi. Dawa hatukuwahi kuziwaza. Jina la kaka lilipochukua nauli lilichukua na insulini. Miezi tisa chupa za marehemu zilikuwa zikienda kwa mtu, na mtu huyo hatumjui.

"Na mimi, baba?" wifi akauliza. "Mwezi ujao nije ukumbini?"

Akazikusanya karatasi, akazisawazisha kwa viganja.

"Mtapigiwa simu, mama."

Ukumbi una kufuli sasa. Simu haijapigwa. Namba ya bibie haipatikani, na wale niliowaandika ili wasiaibike wakipita mlangoni kwangu huongeza mwendo. Kila asubuhi naenda kwa wifi nikamwone akivuta dawa kwenye sindano. Zamani ilifika kwenye mstari alioonyeshwa na daktari. Wiki iliyopita iliishia chini yake, leo chini zaidi. Hajaniambia kwamba anapunguza. Nami sijamuuliza, kwa kuwa nikimuuliza atanijibu.