Kikorombwe na Kopo la Senene

Paskazia hajapata kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Kule Igogo anakouza vitenge wamembatiza Mama Pirika: mkono unapima kitambaa, mdomo unamwita mteja wa pili, macho yako kwa wa tatu. Lakini tangu dada yake Celestina apigwe na kiharusi, mahangaiko yake yamepita kiasi. Wiki ya sita sasa, mwalimu mzima aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini hajatamka hata "maji". Anakutazama tu. Daktari alisema msemesheni. Watu wakamsemesha, wakachoka, na siku hizi wanamjadili mbele yake kama vile hayupo. Hilo linamchoma Paskazia kuliko ugonjwa wenyewe. Dada yumo humo ndani, au ameshaondoka? Swali hilo hulala nalo na kuamka nalo.

Jumamosi moja akafunga biashara asubuhi, akadandia bodaboda hadi Buswelu.

"Shikamoo, mama mdogo," Kokulinda, binti wa Celestina, alimpokea mlangoni.

"Marahaba. Kasema?"

"Bado. Mimi naona mama hatufahamu tena. Tusijidanganye."

"Koma! Mama yako si gunia la mkaa."

Akaingia, akaweka kopo mezani mbele ya dada yake. Lilikuwa la senene waliokaangwa, waliotumwa kutoka Kagera. Utotoni, msimu wa senene, baba yao alikuwa akiwaweka jikoni na kuwatupia neno wasilolijua wengi. Kila mtoto alitunga maana yake ya uongo, na mwenye uongo mtamu kuliko wote alijinyakulia kopo zima. Sheria ilikuwa moja tu: ukisema maana ya kweli, umeshindwa, unamsukumia mwenzako kopo. Celestina alishindwa miaka yote. Uongo ulimkwama kooni, maskini, na maneno aliyajua mno.

"Haya, dada. Neno la leo ni kikorombwe."

Celestina akamtazama.

Paskazia akachukua ufagio, akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. "Kikorombwe ni shemeji aliyekuja kukusalimia mara moja, akakaa mpaka mahindi yakakomaa."

Akafungua dirisha, akalifunga.

"Basi ni sangara aliyesoma. Ukimkaanga, anakusahihisha Kiswahili."

Kokulinda alicheka peke yake, akaona aibu. Paskazia akapanga vikombe, akavipangua. Jasho lilimtoka.

"Au ni kipele kinachomtoka mtu anayekuja vikao vyote vya harusi bila kuchanga hata soda. Dada, sema basi! Nidanganye hata kidogo!" Sauti ikamkatika. "Ee waitu, dada yangu, mimi nitacheza na nani?"

Akageukia ukuta ili asionekane analia.

Nyuma yake kukasikika pumzi, fuu, fuu, mtu anapuliza bila kutoa kitu. Akageuka. Celestina alikuwa ameinua mkono wake mzima, ule wa kushoto, akaukunja, akauweka kwenye pembe ya mdomo isiyopinda. Akapuliza tena. Safari hii ukatoka mlio, mkwaruzo mtupu, lakini mlio: ule ule ambao baba aliwaitia warudi nyumbani kutoka migombani, kwa kupuliza kiganja. Kikorombwe ndicho hicho, mlio wa kuitana walio mbali.

Kokulinda akashika kichwa. "Mama!"

Celestina hakumjali. Alikuwa na kazi nyingine. Aliushusha mkono polepole hadi kwenye kopo, akalisukuma, likakwama kwenye kitambaa cha meza, akalisukuma tena mpaka likafika upande wa mdogo wake.

"Umeshindwa, dada," Paskazia alisema, machozi yakimtiririka. "Umeshindwa tena!"

Akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya Celestina, akaanza kula senene mmoja mmoja. Hakuinuka mpaka kopo lilipoisha.