Bomba Lililotazama Kibla

Shangazi yangu alikuwa ameacha kuketi na uradi wake, na hilo lilinitisha kuliko kukonda kwake. Tangu nipate akili, kila baada ya swala ya alasiri alikaa mkekani chumbani mwake, nyuma ya pazia, akivuta tasbihi huku mumewe akiongoza dhikri kwa sauti ukumbini. Mume akafa. Eda ikaisha, pazia likabaki, na yeye akawa anashika tasbihi kidogo, kisha anaiweka na kwenda kupepeta mchele ambao ulikwishapepetwa.

"Ulimi unahesabu, mwanangu," aliniambia. "Moyo uko sokoni unachagua dagaa."

Nilikuwa nimerudi Bagamoyo likizo kutoka chuo kikuu, Uganda, kichwa kimejaa maswali. Sikuwa na hakika kama dhikri inamfikia yeyote zaidi ya anayeitamka. Lakini niliamini pumzi: mtu akipumua kwa utaratibu, hutulia. Alichokosa shangazi, niliwaza, ni sauti ya kufuata. Fundi cherehani mmoja wa Zinga alikuwa na gramafoni kuukuu yenye bomba la bati, na kati ya sahani zake za taarabu ilikuwamo moja ya dhikri, iliyosomwa na sheikh wa ng'ambo. Nikaviazima, nikavifunga nyuma ya baiskeli na kurudi polepole kwa kuogopa makorongo.

Shangazi hakukataa. Aliuliza tu kama sahani ile iliwahi kulala chini ya zile za taarabu. Nikasema sijui. Akaifuta kwa kanga safi, akatawadha, akaniamuru nami nitawadhe, maana ndiye nitakayezungusha handeli. Nikamuuliza kama na chuma kitawadhe. Akasema nikizidi kuuliza atakitawadhisha kweli, na fundi nitamjibu mwenyewe.

Niliweka gramafoni ukumbini, pale alipokuwa akikaa marehemu, bomba likielekea chumbani. Nilitoka kutafuta sindano nyingine. Niliporudi nikakuta ameigeuza yote. Bomba lilitazama ukuta wa kibla, karibu kuugusa.

Nilicheka. Nikamweleza kwamba sauti hutoka mbele, kwamba namna ile atakayesikia ni ukuta peke yake.

"Anayeongoza huwatazama watu?" aliuliza. "Huko msikitini, imamu alikuwa akikukodolea macho?"

"Huyu si imamu, shangazi. Hiki ni kifaa."

"Basi kifaa kimekushinda adabu. Kiache."

Akaingia nyuma ya pazia. Nikazungusha handeli shingo upande, nikisubiri mambo yaharibike ili niligeuze bomba. Sindano ikakwaruza. Sauti ya yule sheikh, ambayo kule kwa fundi ilikuwa kali kama ya mnadi, ikagonga ukuta na kurudi imepoa, nzito, maneno yamefifia kingo, ikapita kwenye pazia. Hapo nikakumbuka. Ndivyo mumewe alivyosikika siku zote kwa mtu aliyekuwa chumbani: amempa mgongo, sauti inatoka ukutani.

Kisha, kule chumbani, punje za tasbihi zikaanza kugongana.

Upande wa sahani ulikwisha baada ya dakika chache. Nilinyanyua sindano haraka, nikijiandaa kuanza upya, lakini shangazi alikuwa akiendelea peke yake, kwa mwendo uleule. Nikakaa chini. Nilijaribu kumfuata pumzi kwa pumzi, nikapotea, nikaanza kuwaza kama ukuta wa mawe hurudisha sauti vizuri kuliko wa udongo, nikarudi, nikapotea tena. Tuliendelea hivyo mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Alipotoka aliniambia kesho niwahi, na fundi nimwombe atuachie gramafoni kwa wiki nzima. Maswali yangu yote nilikuwa nayo bado, ila sikumuuliza hata moja. Usiku tulikula wali wenye chuya, wa kwanza nyumbani mle tangu msiba. Alikuwa amesahau kupepeta.