Mwano wa Mama Roza

Intaneti ilipoingia Mwanza miaka ile ya tisini mwishoni, watu waliizungumzia kama mganga mpya: kila mtu kasikia anatibu, aliyetibiwa haonekani. Wilhelmina Ng'washi hakuwa na muda wa maneno hayo. Alikuwa karani wa chama cha wazazi wa watoto viziwi kule Pasiansi. Chama kilikuwa na darasa moja na mwalimu mmoja wa lugha ya alama, na mwalimu huyo alikuwa ameolewa akahama. Asipopatikana mwingine, darasa lingefungwa kabla Roza, binti wa Wilhelmina, kiziwi tangu kuzaliwa, hajaingia.

Na Roza hakuwahi kumsalimia mama yake. Kwetu Usukumani salamu si mchezo. Majirani walisema mtoto yule hana adabu, na mama mtu ilimuuma, tusidanganyane.

Zadok, mwenye duka la kompyuta Mirongo, aliwatengenezea ukurasa wa kutafuta mwalimu, bure kabisa, Mungu ampe maisha marefu. Ukurasa ukakaa kimya.

"Wasomaji wenyewe wachache, mama Roza," alisema.

"Basi hao wachache wawapelekee wenzao. Huwezi kuweka kitu cha kubonyeza?"

Zadok akafikiri. "Kitufe cha kumtumia mwenzako barua pepe kinawezekana. Kiandikwe nini?"

Wilhelmina akakumbuka kwao Misungwi. Mwano, ule ukelele wa kuomba msaada ng'ombe wakiibwa, ukipigwa kijijini, anayeusikia naye anapaza sauti ili wa kilima cha pili asikie, na wote wanatoka mbio kusaidia. Aliyesikia akanyamaza hutozwa faini. Akamwambia aandike: MWANO UMEPIGWA PASIANSI. UKISIKIA, PIGA NA WEWE.

Zadok, Mjaluo wa Shirati, hakujua uzito wa neno hilo. Wilhelmina aliujua, ila alidhani ndani ya kompyuta halina meno. Thubutu.

Mwanafunzi mmoja wa Dar alibonyeza. Aliyepokea, Msukuma wa ofisini, alisoma mstari wa juu tu, akampigia simu mjomba wake Magu, naye mjomba akaupiga mwano. Jumamosi Wilhelmina yuko anafagia darasa, akainua macho, uwanja umejaa wanaume wenye fimbo na filimbi. Mbele yao alisimama mzee Luhaga, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa vijiji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wameelekea wapi?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Hakuna ng'ombe, baba. Tumepoteza mwalimu wa watoto wetu wasiosikia."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akaanza kunung'unika kwamba ameacha jembe shambani. Luhaga alimtazama tu, yule akarudi nyuma ya wenzake.

"Mwano ni mwano," mzee alisema. "Kilichopotea kinafuatwa nyayo."

Wakafuata kweli. Ng'ombe akiibwa, kila kijiji hufuata nyayo mpaka mpakani kwake, kikawakabidhi wa mbele. Wao walikabidhiana swali: nani anajua kuongea kwa mikono? Swali likapita vijijini, likavuka na meli, likamkuta, huko kisiwani Nansio, mjane mmoja aitwaye Ajwang, aliyewahi kufundisha viziwi na sasa anauza dagaa. Luhaga alimleta mwenyewe mpaka mlango wa darasa. Wilhelmina alimshukuru mzee kwa Kiswahili, akaona hakijatosha, akarudia kwa Kisukuma.

Muhula ulipofungwa, wazazi walikaribishwa darasani, na mzee Luhaga akapewa kiti cha mbele. Ajwang akamwashiria Roza. Mtoto akaja moja kwa moja hadi kwa mama yake, akapiga goti, na mikono yake midogo ikasema shikamoo.

Wilhelmina alikuwa amejifunza jibu wiki nzima, jikoni, sufuria zikimtazama. Lakini machozi yalimtoka, akajifunika uso kwa viganja. Alilia kwa shukrani, kwa Zadok, kwa mwanafunzi wa Dar asiyemjua hata jina, kwa wanaume walioacha majembe. Roza alibaki amepiga goti, anamtazama mama aliyefunika uso kwa mikono yote miwili, anasubiri.

Luhaga akainama, akamgusa mama bega.

"Mwanangu, mtoto amekuita. Aliyesikia hanyamazi."

Wilhelmina akaitoa mikono usoni, ikiwa imelowa, nayo ikaitikia marahaba.