Kinu Kikinyamaza, Jifiche

Mwezi uliopita nilirudi Jidda nikaikuta nyumba ya utoto wangu imekuwa makumbusho. Nakuambia, rafiki yangu, nilipanda ngazi zile kama mgeni. Roshani za mbao zimepakwa mafuta zinang'aa, na jikoni kwa bibi pamewekwa masufuria ya shaba ambayo mwenyewe hakuwahi kuyagusa.

Bibi alitoka Mombasa kwenda kuhiji, akanibeba mimi mjukuu wake yatima, akabaki huko kuwapikia wenye nyumba ile. Hatukuwa na ikama, karatasi ya kuishi nchini, si yeye si mimi. Kwa hiyo tuliwekeana sheria moja. Akitwanga iliki, mimi nicheze. Kinu kikinyamaza ghafla, nikimbilie kwenye sanduku la mito chini ya kiti cha roshani. Mpaka leo mtu akitwanga karibu yangu siwezi kutulia, nangoja anyamaze.

Siku moja kinu kilinyamaza, nikajifungia. Wakaguzi wawili wa ikama waliingia wakakaa papo hapo juu yangu, mbao zikalia karibu na pua. Mmoja akaviona viatu vyangu mlangoni.

"Vya nani hivi?"

"Vya mjukuu wa madam," bibi akajibu nyuma ya pazia la jikoni, ambako wanaume wa nje hawakuingia, na madam mwenyewe, mwenye nyumba, amesimama hapo hapo mbele yao. Hakuwa na mjukuu. Ndani ya sanduku nimeng'ata kiganja nisipige chafya.

"Ndiyo, vya mjukuu wangu," madam akasema hatimaye. "Yalla, haya, kahawa inapoa."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulificha, tukala wali wa nazi kila Ijumaa, na bibi akaninong'oneza Kiswahili nisije nikakisahau. Nilikuwa na hofu kila siku, na bado naukumbuka utoto ule kwa mapenzi.

Basi nikamwomba msimamizi wa makumbusho aliandike jina la bibi pale jikoni, pamoja na majina ya wenye nyumba. Bwana mpole. Akauliza kama nina ikama yake, picha, barua, chochote chenye jina lake. Sina.

"Bila karatasi, mafi, hakuna njia, dada yangu," akasema kwa huruma. "Wakubwa hawatakubali."

Tulinusurika kwa kutoacha alama, na sasa ni kama bibi yangu hakuwahi kuishi mle. Nilisimama katikati ya jiko lake nikalia kwa sauti, wageni wakinitazama, wala sikutafuta pa kujificha.